Wanawake Watatu wa Alabama na Asili ya Uchunguzi wa Maradhi ya Uzazi

Maungo ya uzazi ya mwanamke yalichukua karne nyingi kujulikana sawasawa, wala sababu yake si uvivu wa waganga wa kale. Mji wa mimba umefichika ndani ya nyonga, kati ya kibofu cha mkojo na utumbo wa mwisho, na njia ya kuufikia imesitiriwa na haya. Galen, ambaye vitabu vyake vilitawala shule za utabibu kwa zaidi ya miaka 1,000, alipasua nyani na nguruwe, akawapimia wanadamu kwa yale aliyoyaona katika wanyama. Hata mwaka 1543 ndipo Andreas Vesalius, mwalimu wa Padua, alipochapisha picha kubwa zilizotokana na kupasua maiti za watu. Mwaka 1561 Gabriele Falloppio aliieleza mirija iletayo mayai katika mji wa mimba, na mwaka 1672 Regnier de Graaf wa Delft akaeleza kazi ya ovari.

Lakini maarifa hayo yalipatikana kwa maiti. Kumchunguza mwanamke aliye hai ni jambo jingine. Warumi walikuwa na chombo cha shaba cha kutanulia uke. Mifano yake imefukuliwa Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkeno mwaka 79. Hata hivyo, mwanzoni mwa karne ya 19, matabibu wengi wa Ulaya na Marekani walikuwa wakichunguza kwa kupapasa chini ya nguo, macho wameyaelekeza kando. Basi kisichoonekana hakikuweza kushonwa.

Ugonjwa uliodhihirisha upungufu huo ni fistula ya uzazi. Utungu ukidumu siku mbili tatu na mtoto asipite, kichwa chake huubana ukuta mwembamba ulio kati ya uke na kibofu, kikaugandamiza kwenye mfupa wa kinena. Damu hukosa njia, nyama hufa, na baada ya siku chache hutoboka tundu. Mara nyingi mtoto huzaliwa amekufa, na mama hubaki akivuja mkojo usiku na mchana. Harufu humtenga na watu, na aibu humfunga nyumbani.

Mwaka 1845, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, daktari mmoja aitwaye James Marion Sims aliletewa wanawake watatu wenye ugonjwa huo: Anarcha, Betsey na Lucy. Wote walikuwa watumwa. Anarcha alikuwa msichana wa miaka 17 hivi, aliyekaa katika utungu siku tatu. Hapo kwanza Sims aliona kuwa hawana dawa. Lakini baadaye, alipokuwa akimtibu mwanamke mwingine aliyeanguka kutoka juu ya farasi, alitambua kuwa mgonjwa akipiga magoti na kuinamia viwiko, hewa huingia ukeni na kuta zake hutanuka. Akanunua kijiko cha bati, akaupinda mpini wake, akamchunguza Betsey kwa namna hiyo. Tundu likaonekana wazi. Katika kijiko hicho ndimo ilimotoka spekulamu iitwayo kwa jina lake.

Sims alijenga hospitali ndogo nyuma ya nyumba yake, akapatana na mabwana wa watumwa hao: yeye awalishe, wao wawavike na kuwalipia kodi. Mapatano yalikuwa ya daktari na mabwana. Kwa sheria ya nchi ile, neno la mgonjwa halikuwa na uzito wowote. Lucy alitangulia kupasuliwa, mbele ya madaktari waliokuja kutazama. Sifongo iliyowekwa katika kibofu ili kunyonya mkojo ilimletea sumu ya damu, naye akakaribia kufa. Upasuaji ulirudiwa mara nyingi kwa muda wa miaka minne, bila dawa ya usingizi. Afyuni ilitolewa baada ya kazi. Etha ilidhihirishwa Boston mwezi Oktoba 1846, lakini Sims hakuitumia kwa wanawake hawa.

Madaktari wenzake walipochoka na kumwacha, wagonjwa wenyewe walifundishwa kusaidia, wakawa wakishikana na kuhudumiana wakati wa kupasuliwa. Hatimaye, mwaka 1849, Sims alitumia uzi wa fedha badala ya hariri, ambao haukuleta uvimbe, na kidonda cha Anarcha kikafunga. Alikuwa amekwisha kupasuliwa mara 30 hivi. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1852, na mwaka 1855 Sims akafungua hospitali ya wanawake New York. Sifa zikamfuata mpaka Ulaya.

Wanaomtetea husema kwamba wanawake hao walitaka kupona, na Sims mwenyewe aliandika hivyo. Yamkini walitaka, ni nani asiyetaka kuondokewa na dhiki ile? Lakini kutaka kupona si sawa na kutoa idhini, na idhini ya asiyeweza kukataa si idhini. Tena, ilikuwako dhana miongoni mwa matabibu wengi wazungu wa zama zile kwamba watu weusi hawasikii maumivu kama wengine. Wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yote yajulikanayo juu ya maumivu ya Anarcha yameandikwa na mkono ulioshika kisu.

Sanamu ya Sims ilisimamishwa New York mwaka 1894, baadaye ikahamishiwa Central Park. Mwezi Aprili 2018 iliondolewa. Mwaka 2021, mjini Montgomery, msanii Michelle Browder alisimamisha sanamu za Anarcha, Betsey na Lucy. Wanawake wengine waliopasuliwa katika hospitali ile ndogo majina yao hayakuhifadhiwa.

Habari hizi haziko mbali na Afrika ya Mashariki. Fistula, ambayo imekuwa nadra sana katika nchi tajiri, ingali ikiwapata wanawake wanaojifungua mbali na hospitali. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imewatibu wengi, na imewahi kuwapelekea nauli kwa njia ya simu wale walioshindwa kusafiri. Njia ya kushona tundu imetokana na kazi ya Alabama. Lakini kanuni ya uchunguzi imegeuka. Mgonjwa huelezwa kwanza atakalofanyiwa, huombwa ruhusa, husitiriwa, naye aweza kusema basi wakati wowote, na mkono wa daktari ukaondoka. Neno hilo moja ndilo ambalo Anarcha, Betsey na Lucy hawakuwa na haki ya kulitamka.