Kimeng'enya

kimeng'enya nm [ki-/vi-] wingi *vimeng'enya*. Dutu inayotengenezwa na kiumbe hai ambayo huharakisha mmenyuko wa kikemikali bila yenyewe kutumika au kubadilika mwishoni mwa mmenyuko huo. Huitwa pia *enzaimu* au *enzimu*.

Asili. Neno limeundwa kutokana na kitenzi *meng'enya*, yaani kusaga na kulainisha chakula tumboni. Asili hiyo ni msaada na mtego pia. Ni msaada kwa sababu vimeng'enya vya usagaji chakula ndivyo vilivyo rahisi kuvielewa: anayetafuna wali mkavu kwa muda mrefu huonja utamu, kwa kuwa kimeng'enya kilichomo katika mate, amilesi, huvunja wanga kuwa sukari. Ni mtego kwa sababu vimeng'enya vingi havihusiani na chakula wala havivunji kitu; vipo vinavyojenga, vinavyounganisha na vinavyohamisha sehemu za molekuli.

Utendaji. Kila mmenyuko huhitaji kiasi fulani cha nishati ili uanze. Maabara huweza kuipata nishati hiyo kwa kupasha moto. Seli haiwezi, kwani ingeungua. Kimeng'enya hupunguza kiasi kinachohitajika. Karibu vimeng'enya vyote ni protini iliyojikunja kwa umbo maalumu, lenye eneo tendaji ambamo dutu inayoshughulikiwa hukaa kama ufunguo katika kufuli, ingawa kufuli hili hujirekebisha kidogo linapopokea ufunguo. Kazi ikiisha, mazao huachiliwa na eneo hubaki tayari kupokea molekuli nyingine. Ndiyo maana kiasi kidogo cha kimeng'enya hutosha kwa kazi kubwa. Joto kali hukunjua protini hiyo, na umbo likipotea kazi nayo hukoma.

Mfano wa Ifakara. Bonde la Kilombero limechunguzwa kwa ajili ya malaria tangu maabara ya Waswisi ilipoanzishwa Ifakara mwaka 1957. Maabara hiyo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara. Vita vya huko dhidi ya malaria ni, kwa sehemu kubwa, vita vya vimeng'enya.

Kimelea cha malaria hujitengenezea foleti, ambayo hukihitaji ili kunakili DNA yake. Dawa ya SP ina viambato viwili: sulfadoksini na pirimethamini. Kila kimoja hukalia eneo tendaji la kimeng'enya kimoja katika mnyororo wa kutengeneza na kutumia foleti, na kimelea hushindwa kuongezeka. Binadamu hana kimeng'enya cha kwanza, kwani hupata foleti katika chakula. Cha pili anacho, lakini pirimethamini hukamata kile cha kimelea kwa nguvu zaidi. Tanzania iliifanya SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, mahali pa klorokwini. Hata hivyo, mabadiliko katika jeni za kimelea yalibadili umbo la maeneo tendaji, dawa ikakosa pa kukaa vyema. Mwaka 2006 dawa mseto ya ALu ilichukua nafasi yake, na SP ikabaki hasa kuwa kinga kwa wajawazito.

Upande wa mbu, mambo ni kinyume: kimeng'enya ndicho kinachoishambulia dawa. Mbu aina ya *Anopheles funestus* wa Kilombero wamekuwa sugu kwa viuatilifu vya kundi la pairethroidi, ambavyo hupakwa kwenye vyandarua. Miongoni mwa sababu ni vimeng'enya vya kundi la sitokromu P450, ambavyo huivunja sumu kabla haijaua. Kwa hiyo vyandarua vipya huongezwa kemikali ya PBO, ambayo kazi yake ni kuvizuia vimeng'enya hivyo ili sumu ifanye kazi.

Matumizi. *Kichocheo* na *kimeng'enya* si visawe. Kila kimeng'enya ni kichocheo, lakini si kila kichocheo ni kimeng'enya: chuma kinachotumika kiwandani kutengeneza amonia ni kichocheo tu. Isitoshe, baadhi ya waandishi hutumia *kichocheo* kwa maana ya homoni. Katika matini ya sayansi ya viumbe, *kimeng'enya* na *homoni* huondoa utata.

Kimeng'enya hakina uhai, hivyo hakiuawi. Mfasiri anayeandika kwamba "SP huua vimeng'enya" hupotosha mara mbili: msomaji atadhani vimeng'enya ni wadudu, na hataelewa jinsi usugu unavyotokea. Kinachozuiwa ni kimeng'enya. Kinachokufa ni kimelea.

Mifano ya sentensi.
Sahihi: *PBO huzuia vimeng'enya vya mbu vinavyovunja sumu.*
Si sahihi: *PBO huua vimeng'enya vya mbu.*
Sahihi: *Vimeng'enya vya kimea hulainisha uji kwa kuvunja wanga, uji ukichemka sana, huharibika na kuacha kufanya kazi.*
Si sahihi: *Vimeng'enya vya kimea hufa uji ukichemka.*

Tazama pia: *foleti, homoni, kichocheo, kimea, mmenyuko, protini, usugu.*