UTANI NA USONJI: KIPANDE CHA HISTORIA

Kati ya miji ya Gisenyi na Goma pana njia mbili kuu za kuvukia mpaka. Moja iko karibu na ufuko wa Ziwa Kivu, nayo huitwa Grande Barrière. Ya pili iko ndani zaidi, katikati ya makazi ya watu, nayo ni Petite Barrière. Hii ya pili, ingawa jina lake lasema ni ndogo, ndiyo ipitayo watu wengi zaidi. Kabla ya mpaka kufungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka hapo kila siku. Wengi wao walikuwa wanawake wachuuzi, na pamoja nao watu wenye ulemavu wa miguu waliobeba mizigo mizito juu ya baiskeli zao za magurudumu matatu. Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kilingala hukutana katika foleni moja. Mahali kama hapo mzaha ni sehemu ya biashara: kwa mzaha bei hushuka, na kwa mzaha aliyeruka foleni hurudishwa nyuma pasipo ugomvi.

Asiyejua kuupokea mzaha huo huonekana mwenye kiburi au mpungufu wa akili. Ulemavu wa miguu huonekana kwa macho, na mtu humpisha mwenye baiskeli yake. Usonji hauonekani. Mwenye usonji huzaliwa na ubongo unaopokea mambo kwa namna nyingine: kelele za kawaida zaweza kumwumiza, mabadiliko ya ghafla humtaabisha, na maneno huyachukua jinsi yalivyosemwa. Kwa ajili hiyo imedaiwa kwa miaka mingi kwamba watu hawa hawana kicheko. Dai hilo lina historia, nasi walimu wa lugha yatupasa kuijua, kwa kuwa kiini chake ni suala la lugha.

Hebu kwanza tutazame utani wetu wenyewe. Hapa Rwanda, baadhi ya koo zilikuwa na uhusiano uitwao ubuse. Umuse wa ukoo fulani aliruhusiwa kuwatania wenzake wa ukoo mwingine, na pia alikuwa na kazi maalumu, mathalan pale familia ilipoanzisha makao mapya. Neno hilo limebaki katika Kinyarwanda cha leo kwa maana ya kutaniana. Upande wa Tanzania, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani wa tangu zamani. Mtani hutukana asikasirikiwe. Hufika hata msibani akafanya vituko mbele ya wafiwa, kisha akashika jembe akasaidia kuzika. Mwaka 1944 R. E. Moreau, ajulikanaye zaidi kwa utafiti wake wa ndege huko Amani, alichapisha makala juu ya utani wa Tanganyika katika jarida liitwalo Africa. Makala hiyo yatuonyesha kwamba utani si maropokwa. Una kanuni: nani amtanie nani, kwa jambo gani, na mpaka wapi. Asiye mtani akisema maneno yale yale, hayo ni matusi.

Mwaka huo huo wa 1944, katika mji wa Vienna, daktari Hans Asperger alichapisha maelezo yake juu ya watoto aliowaita wenye hali ya usonji. Neno lenyewe alilikuta tayari: Eugen Bleuler wa Uswisi alikuwa amelibuni miaka zaidi ya 30 kabla yake, akilitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya nafsi, na mwaka 1943 Leo Kanner alikuwa amekwisha kueleza habari za watoto 11 huko Baltimore, Marekani. Asperger aliandika kwamba watoto hawa hukosa hisi ya uchekeshaji, na kwamba hawaelewi mzaha, hasa unapowahusu wao wenyewe. Papo hapo, katika makala hiyo hiyo, alikiri kwamba baadhi yao hucheza na maneno kwa ustadi, na mara nyingine hutoa kauli zenye kuchekesha kweli na kugonga penyewe. Wasomaji wa baadaye walilishika lile la kwanza wakaliacha la pili.

Haifai kupita hapa upesi. Vienna ya siku zile ilikuwa chini ya utawala wa Wanazi, na mtoto aliyehesabiwa kuwa hafai aliweza kupoteza maisha. Katika kituo cha Am Spiegelgrund mjini humo waliuawa karibu watoto 800. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alichapisha ushahidi kwamba Asperger alishirikiana na mpango huo na kwamba alipeleka watoto huko. Basi tunaposoma hukumu juu ya watoto wasiojua kucheka, tukumbuke ni nani aliyeitoa, na ni wakati gani. Sioni ajabu kwamba mtoto hakuona la kuchekesha katika nyumba ile.

Tena tumtazame Donald Triplett, wa kwanza kati ya wale watoto 11 wa Kanner. Huyu hakuishia kuwa mfano katika kitabu cha tiba. Alimaliza chuo mwaka 1958, akafanya kazi benki katika mji wake mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, akafariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Waandishi waliomtembelea uzeeni walikuta ana desturi ya kuwapa watu namba. Kila aliyemjua vema alikuwa na namba yake, na ingawa miaka ilipita, Donald hakuisahau. Waliopewa namba hizo walizipenda. Mimi nauona huo kuwa utani kamili: una kanuni moja, unawahusu watu maalumu, nao wameukubali. Tofauti ni kwamba kanuni aliitunga yeye.

Katika Afrika habari hizi zilichelewa. Mwaka 1978 Victor Lotter alichapisha uchunguzi alioufanya katika taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili kwenye nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, akaonyesha kwamba usonji upo huku pia. Chama cha usonji cha Kenya kilianza mwaka 2003. Baada ya Umoja wa Mataifa kuitenga tarehe 2 Aprili kuwa siku ya usonji, kuanzia mwaka 2008, neno usonji likazidi kusikika redioni na magazetini.

Lakini katika vyama vingi vya awali, kote duniani, waliosema walikuwa wazazi na matabibu. Wenye usonji walisemewa. Mageuzi yalikuja mwaka 1992, pale baadhi yao huko Marekani, Jim Sinclair akiwa mmoja wao, walipounda chama chao wenyewe, na baadaye wakaanza kukutana kila mwaka kambini. Huko kila mmoja aliruhusiwa kukaa kimya, kutikisa mikono yake, au kuzungumza saa nzima juu ya jambo moja alipendalo. Na hapo ndipo kicheko chao kilipopata uwanja. Watu waliochoka kuchekwa walikuta wenzao wanaojua habari za taa zinazovuma kama nyuki, za kuulizwa "u hali gani?" na kujibu kwa kirefu, za kufanya mazoezi ya kutabasamu mbele ya kioo kabla ya kwenda kuomba kazi. Mambo hayo akiyasimulia daktari ni dalili. Wakisimuliana wenyewe ni kichekesho.

Mwaka 1998 mwanamke mmoja wa Marekani mwenye usonji aliunda taasisi ya mzaha, iliyojidai kuchunguza maradhi ya watu wasio na usonji. Kwa lugha nzito ya vitabu vya tiba, taasisi hiyo ilieleza kwamba wagonjwa hawa huhangaikia mno mambo ya kijamii, hujiona bora kuliko wengine, na hushikwa na hamu isiyopoa ya kufanana na wenzao. Mzaha huu ulikuwa na makali yake. Kwa miaka 50 na zaidi lugha ile ilikuwa imewaeleza wao. Sasa waliigeuza kioo. Mwanafunzi wa fasihi ataitambua mbinu hiyo mara moja, kwa kuwa ndiyo kejeli yenyewe, na kejeli haitungwi na mtu asiyejua mzaha. Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 2012, msomi wa Uingereza mwenye usonji, Damian Milton, aliliandika wazo hilo kwa njia ya kitaaluma: kutoelewana huko kuna pande mbili. Asiye na usonji naye hushindwa kumwelewa mwenye usonji, ila yeye hahesabiwi kuwa mgonjwa kwa kushindwa huko.

Tangu hapo wachekeshaji wamepanda jukwaani. Mwaka 2010 vijana wanne wa jimbo la Massachusetts walianzisha kikundi cha vichekesho, Asperger's Are Us, na filamu ya maisha yao ikatolewa mwaka 2016. Hawakutaka kuonewa huruma, na vichekesho vyao vingi havikuzungumzia usonji hata kidogo; vilikuwa vya maneno yaliyopinduliwa na mambo yasiyowezekana. Mwenye kuwafaa walimu zaidi ni Hannah Gadsby wa Australia. Katika onyesho lake liitwalo Douglas, la mwaka 2020, Gadsby anasimulia somo la vihusishi alipokuwa mtoto. Mwalimu alitumia mfano wa boksi na ndege aitwaye pengwini: ndani ya boksi, juu ya boksi, kando ya boksi. Mtoto akataka kujua habari za boksi lenyewe, akauliza swali juu ya swali, mwalimu akapandwa na hasira. Wasikilizaji hucheka mpaka machozi, na wanayemcheka siye yule mtoto. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kufundisha "ndani ya" na "juu ya" kwa boksi la chaki?

Kwetu Rubavu nimemfundisha kijana mmoja mwenye usonji, wa mtaa usio mbali na Petite Barrière. Foleni ya mpakani hakuiweza. Kelele zilimfanya azibe masikio na kuinama. Siku ya vitendawili nilitega: nyumba yangu haina mlango. Wenzake walinyoosha mikono wote. Yeye akauliza, bila hata dalili ya tabasamu, "Sasa, mwalimu, uliingiaje?" Darasa likaangua kicheko. Aliwatazama mmoja mmoja, kama apimaye jambo, na nilipotoa jibu kuwa ni yai, akalikariri mara mbili kwa sauti ndogo.

Juma lililofuata mwenzake alimwambia afunge mlango kwa sababu ya upepo. Kijana akasimama, akaushika mlango, akageuka na kuuliza: "Huu, au wa yai?" Safari hii alicheka yeye kwanza. Muhula ule wote, aliyechelewa kufika alipiga hodi na kuuliza kama yai limefungwa.