Mistari ya kompyuta ilitoka kiwanda cha magari

Wadau, mkichora nembo kwenye Illustrator au Inkscape mnaunganisha ncha mbili za mstari, kisha mnajaza rangi ndani. Je, mmewahi kujiuliza huo mstari unaopinda kwa utii namna hiyo ulitoka wapi?

Ulitoka kwenye magari. Mwaka 1959 Paul de Casteljau, mwanahisabati wa kampuni ya Citroën huko Ufaransa, alipata njia ya kukokotoa mkunjo kwa kutumia nukta chache tu, ili bodi ya gari ichorwe kwa hesabu. Citroën wakaifanya siri. Miaka ya 1960 Pierre Bézier wa Renault akafika hapo hapo kwa njia yake, akachapisha. Leo mikunjo hiyo inaitwa ya Bézier dunia nzima. De Casteljau kabaki na kanuni ya kukokotoa, inayojulikana zaidi kwa mafundi.

Mwaka 1984 Adobe wakaitumia mikunjo hiyo katika PostScript, lugha ya kuiambia printa ichore nini. Humo kufunga mstari ni amri moja, kujaza rangi ni nyingine. Ukijaza umbo lililo wazi, rangi huishia kwenye mstari ulionyooka kutoka ncha hadi ncha, hata kama wewe hukuuchora. Illustrator ikafuata mwaka 1987.

Kwangu mimi mwandishi wa habari, somo ni moja: ukigundua jambo likafungiwa kabatini, jina litakwenda kwa aliyechapisha. Tuandike jamani!