Usimamizi wa Serikali wa Sera na Utafiti wa Lishe Tanzania

Usimamizi wa serikali wa sera na utafiti wa lishe ni jumla ya sheria, taasisi, vikao na taratibu za upimaji ambazo dola huzitumia kuamua namna wananchi watakavyopata lishe bora, kufuatilia utekelezaji wa maamuzi hayo, na kuhakikisha kwamba tafiti zinazohusu afya za watu zinazingatia maadili na kuwafaa wale waliochunguzwa. Lishe si chakula peke yake, bali ni mchakato mzima unaoanzia kwenye kula hadi mwili unapovitumia virutubishi kukua, kujikinga na maradhi na kufanya kazi. Ndiyo maana mtoto anaweza kudumaa katika nyumba yenye ghala lililojaa mahindi, iwapo anaugua kuhara mara kwa mara au mama yake anashinda shambani bila mtu wa kumlisha mtoto. Kwa kuwa visababishi vyake vimetawanyika katika kilimo, afya, maji, elimu, viwanda na maendeleo ya jamii, lishe haina wizara moja inayoweza kuibeba peke yake. Historia ya usimamizi wake Tanzania Bara ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya kutafuta mahali ambapo anayepima tatizo na anayepanga fedha watakutana. Upande wa Zanzibar, ambako afya si jambo la Muungano, kazi hiyo iko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Msingi wa kisheria

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, inayofahamika kwa kifupi kama TFNC, iliundwa kwa Sheria Na. 24 ya mwaka 1973, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Dkt. Tumsifu Maletnlema. Sheria iliipa jukumu la kupanga na kuanzisha programu za lishe, kufanya utafiti, kutoa mafunzo na kuishauri serikali. Iliwekwa chini ya wizara yenye dhamana ya afya, ikiwa na wataalamu wa fani mbalimbali, lakini bila mamlaka juu ya bajeti za wizara nyingine. Iliweza kueleza kinachopaswa kufanywa na wizara ya kilimo au ya maji, ila haikuweza kuilazimisha. Sera ya kwanza ya Taifa ya Chakula na Lishe ilipitishwa mwaka 1992, karibu miaka 20 baada ya taasisi yenyewe kuundwa.

Jaribio la Iringa

Mfano uliobainisha zaidi maana ya usimamizi ni mpango wa lishe uliotekelezwa mkoani Iringa kuanzia mwaka 1983 kwa ushirikiano wa serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa ufadhili wa Italia, ukianza na vijiji 168. Watoto wa umri wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu katika siku ya afya ya kijiji, na matokeo yao yakapelekwa mbele ya serikali ya kijiji, ambayo ilipaswa kujadili kwa nini watoto fulani wamepungua uzito na nini kifanyike kabla ya kupima tena. Utaratibu huo wa kutathmini, kuchambua na kuchukua hatua, kisha kurudia upya, uliwaweka mpimaji na mwamuzi katika kikao kimoja. Katika vijiji hivyo, uwiano wa watoto wenye uzito pungufu ulishuka kutoka takriban asilimia 56 hadi 38 kufikia mwaka 1988, na wenye upungufu mkali wakashuka kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya 2. Mafunzo ya Iringa yaliingia katika mfumo wa uchambuzi uliotangazwa na UNICEF mwaka 1990, unaoeleza utapiamlo kwa nguzo tatu za chakula, afya na matunzo, na ambao umetumika katika nchi nyingi duniani.

Utafiti na kanuni

Utafiti wa lishe hupitia milango kadhaa. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, husimamia kibali cha maadili kwa tafiti za afya. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, huratibu utafiti kitaifa na kutoa vibali kwa watafiti wa kigeni. Na Ofisi ya Taifa ya Takwimu huendesha tafiti za kitaifa za kaya. Manufaa ya utafiti ulio karibu na watu yalionekana mwaka 1985 wilayani Tarime, ambako kulizuka konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Wachunguzi waliuhusisha na mihogo michungu yenye sumu ya sayanidi, iliyoliwa wakati wa ukame baada ya kuandaliwa kwa haraka kuliko desturi. Ushauri uliofuata ulikuwa wa jikoni kabisa: mihogo isisagwe mpaka ipitie hatua zote za kuondoa sumu.

Matokeo mengine ya utafiti yaligeuzwa kuwa kanuni. Tafiti za rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo unaotokana na upungufu wa madini joto, zilisababisha ugawaji wa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na baadaye sharti la kuyaongeza katika chumvi. Mkaguzi hudondosha tone la dawa ya kupimia juu ya chumvi, na ikigeuka rangi ya samawati au zambarau, madini yamo. Kipimo ni rahisi, ila chumvi nyingi huvunwa na wazalishaji wadogo wa mwambao, ambao si rahisi kuwafikia wote. Kanuni za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi katika unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula zinakabiliwa na ugumu wa aina hiyo: viwanda vikubwa hukaguliwa, lakini kaya nyingi za vijijini husagisha mahindi yao katika mashine ndogo zisizo na kifaa cha kuchanganyia virutubishi.

Kutoka wizara hadi halmashauri

Kuanzia miaka ya 2010 uratibu ulipandishwa hadi Ofisi ya Waziri Mkuu, yenye uwezo wa kuziita wizara zote mezani, na nafasi za maafisa lishe zikaanzishwa katika mikoa na halmashauri. Mpango Jumuishi wa Taifa wa Lishe wa 2016/17 hadi 2020/21, na ule wa pili wa 2021/22 hadi 2025/26, ulizipa sekta malengo ya pamoja. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walisaini Mkataba wa Lishe na wizara yenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), na mwaka 2022 mkataba mpya ulisainiwa mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Kiini chake ni kwamba kiongozi wa utawala, si mtaalamu peke yake, anawajibika kwa viashiria vya lishe vya eneo lake, na kwamba halmashauri inatenga na kutoa angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Bunge huidhinisha bajeti, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anaweza kukagua matumizi na ufanisi.

Matokeo na mapungufu

Udumavu, yaani kimo kilicho pungufu kwa umri kikilinganishwa na viwango vya Shirika la Afya Duniani, ulishuka kutoka asilimia 42 ya watoto wa chini ya miaka mitano mwaka 2010 hadi 34 mwaka 2015/16 na 30 mwaka 2022. Maendeleo hayo hayakugawanyika sawa. Katika utafiti wa mwaka 2022, mkoa wa Iringa, ulio miongoni mwa mikoa inayozalisha chakula kwa wingi, ulikuwa na udumavu unaozidi nusu ya watoto. Takwimu hiyo haifuti mafanikio ya miaka ya 1980, kwa kuwa wakati ule kilichopimwa ni uzito na si kimo. Inathibitisha tu kwamba mavuno peke yake hayamkuzi mtoto.

Udhaifu mkubwa wa mfumo uliopo ni kwamba fedha iliyotengwa na fedha iliyotolewa si kitu kimoja, na kwamba kibali cha utafiti hulinda maadili kabla ya kazi kuanza lakini hakimlazimishi mtu yeyote kuyatumia matokeo baada ya kazi kwisha. Mkataba wa Lishe umelisogelea pengo la kwanza kwa kumtaja anayewajibika. Pengo la pili bado halina mwenyewe, na litazibwa pale matokeo ya kila utafiti yatakapokuwa na kikao kinacholazimika kuyajibu, kama serikali za vijiji vya Iringa zilivyolazimika kujibu kwa nini watoto wao wamepungua uzito.