Tela la farasi: fahamu uzito wa gari kabla ya kufunga safari

Wasafirishaji wengi wa farasi na ng'ombe huangalia namba moja tu, yaani uwezo wa gari kuvuta. Namba hiyo peke yake haitoshi. Viwango vya kuangalia ni vinne, na kikizidi kimoja tu, mzigo umezidi.

1. Uzito wa juu wa gari: gari lenyewe, mafuta, watu, mizigo, pamoja na uzito ambao tela hulilalia gari kwenye kiungio.
2. Uzito wa juu wa tela: tela tupu, wanyama, maji na majani.
3. Uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja.
4. Uzito wa juu wa kila ekseli.

Viwango hivi huwekwa na mtengenezaji. Vya gari huandikwa kwenye kibao cha mlangoni au kwenye kitabu cha gari, na vya tela kwenye kibao chake.

Mfano: pikapu ina uzito wa kilo 2,000 na kikomo chake ni kilo 2,900. Kikomo cha tela ni kilo 2,200, na cha vyote viwili kilo 5,500. Tela tupu lina kilo 1,000, farasi wawili kilo 1,000, maji na majani kilo 100. Jumla ya tela ni kilo 2,100, haijazidi. Pikapu imebeba watu na mizigo ya kilo 800, hivyo imefika kilo 2,800. Vyote kwa pamoja ni kilo 4,900, navyo havijazidi. Lakini asilimia 10 ya uzito wa tela, kilo 210, hulalia pikapu. Pikapu sasa ina kilo 3,010. Imezidi kwa kilo 110.

Kuhamishia mizigo hiyo kwenye tela si dawa, kwa kuwa tela limebakiza kilo 100 tu. Ni lazima mizigo ipunguzwe.

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu hadi tani 56, lakini kikomo hicho ni cha malori makubwa na kinalinda barabara. Mwenye pikapu asijipimie kwa tani hizo. Kikomo cha mtengenezaji ndicho kinacholinda breki, tairi na maisha, hasa kwenye mteremko, ambapo farasi akisogea tela huyumba.