Chura wa Kihansi

Somo letu la leo ni historia ya chura. Pengine utacheka na kusema, "Chura naye ana historia?" Anayo. Tufuatane pole pole.

Sisi humwita kila mmoja chura tu. Wataalamu nao walianza hivyo hivyo. Mwaka 1758 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, aliwaandika wote kwa jina moja la Kilatini, Rana. Mwaka 1768 Laurenti wa Austria akaanza kuwatenga. Hata wewe waweza kuona tofauti: wako wenye ngozi laini na miguu mirefu ya kurukia, wako wenye ngozi kavu ya vipele na miguu mifupi. Leo aina zaidi ya 7,000 zinajulikana.

Vyura wengi hutaga mayai, nayo hutoa viluwiluwi wenye mikia. Lakini mwaka 1905 Mjerumani Tornier alieleza habari za vyura wa Tanganyika ambao hawatagi. Huzaa watoto kamili.

Mwaka 1996 ndugu yao mmoja alionekana katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Ni wa manjano, na urefu wake haufiki sentimeta 3. Aliishi hapo tu duniani, penye manyunyu ya maporomoko. Mwaka 1999 akapewa jina lake la kitaalamu.

Mwaka 2000 bwawa la umeme likaanza kazi. Maji mengi yakaenda kwenye mitambo, manyunyu yakapungua. Mabomba ya kunyunyiza yakawekwa, lakini ugonjwa wa ngozi nao ukaingia. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyu amekwisha porini.

Bahati njema, mwaka 2000 vyura karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani, wakazaliana katika bustani za wanyama. Mwaka 2012 baadhi ya uzao wao wakarudishwa Kihansi.

Umeme tunauhitaji. Lakini fikiri: kama bwawa lingewatangulia wataalamu, chura huyu angekwisha bila jina, wala hakuna ambaye angejua kwamba kitu kimepotea. Mwenye duka asiyeandika mali yake hajui kilichoibwa. Ndiyo sababu watu huhesabu aina za viumbe.

Sasa, mwalimu aandike ubaoni: 1758, 1905, 1996, 2000, 2012. Kila mmoja achague mwaka mmoja, aeleze kilichotokea. Kisha jadilianeni: karibu na kwenu kuna aina ngapi za vyura, na mnazitambuaje?