Mikindani

Mikindani ni mji mkongwe wa bandari kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, kusini mwa Tanzania. Uko kando ya ghuba yenye jina hilohilo, takriban kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, na ni sehemu ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Jina lake huelezwa kuwa limetokana na "mikinda", yaani minazi michanga.

Historia

Katika karne ya 19 Mikindani ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Misafara ya kutoka bara ilileta pembe za ndovu na watumwa. Mwezi Machi 1866 David Livingstone alifika hapa akitokea Zanzibar, akaanza safari yake ya mwisho ya kuelekea bara.

Mwaka 1888, wakati wa vita vya Abushiri, mawakala wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki walifukuzwa mjini. Wajerumani walirudi mwaka 1890 wakiongozwa na Hermann von Wissmann, na mwaka 1895 walijenga boma kwenye mlima ulio juu ya mji.

Kufifia kwa mji

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake. Maji ya ghuba ya Mikindani hayakuwa na kina cha kutosha kwa meli kubwa. Kwa hiyo bandari mpya ilijengwa Mtwara, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea.

Mradi wa karanga ulivunjwa mwaka 1951, na reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara ilibaki, nayo ikavuta biashara na ofisi. Hivyo Mikindani ilipoteza nafasi yake kwa sababu ya mradi ambao wenyewe haukudumu. Bagamoyo nayo ilififia baada ya Wajerumani kuhamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891.

Hali ya sasa na utalii

Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye roshani na milango ya nakshi, bado zipo kando ya vichochoro. Baadhi zinakaliwa, nyingine ni magofu. Paa likianguka, mvua huingia ukutani, chokaa hulainika na miti huota kwenye nyufa. Kwa sababu hiyo nyumba isiyo na mkazi huharibika haraka. Boma lilikarabatiwa na Trade Aid, shirika la hisani la Uingereza, likawa hoteli.

Mji unafaa kutembelewa mwisho wa juma, kwani sehemu zake za kale zinazungukwa kwa miguu kwa saa chache. Wasafiri wanaotoka Makambako na Njombe hupitia Songea, Tunduru, Masasi na Mingoyo. Barabara hiyo hufika Mikindani kabla ya Mtwara.